Damu Chini ya Ngozi

Wanawake waliokuwa wakimtia Mardhiya hina ya harusi ya binamu yake ndio walioziona alama miguuni, nyeusi na zambarau, mpaka mapajani. Mama akamwita Bakr, kaka mtu, fundi wa majahazi Matondoni.

"Hakunipija, kaka," Mardhiya akaapa. "Ni maradhi. Nangojea majibu ya kipimo cha uboho kutoka Mombasa."

Nani angemwamini? Mke mwenye adabu humsitiri mumewe hata akivunjwa mbavu. Kadiri alivyokana ndivyo Bakr alivyozidi kusadiki, mjinga yule.

Alimkuta Ghassan, mume wa Mardhiya, barazani kwake, Shela. Hakumpa hata salamu. Alimshushia nyundo ya mti begani, mfupa ukalia. Ya pili ikang'oa meno. Ghassan alipotaka kusema, Bakr alimkanyaga shingo, akampiga kichwani mpaka damu ikatiririka ngazini. Na tuseme kweli, alikuwa akiona raha. Mardhiya akatoka mbio kujitupa kati yao, na kiwiko cha Bakr kikampata puani.

Lilikuwa pigo dogo, lakini damu ilikataa kukatika. Majirani waliwakimbiza mke na mume kwa boti hadi hospitalini, mjini Amu, Bakr nyuma yao, buibui la Mardhiya limelowa chapachapa.

Nkatha wa maabara alikuwa na majibu ya Mombasa mkononi.

"Bwana Bakr, kwenye uboho kuna chembe kubwa. Chembe nyingine zikinakili kromosomu, hugawanyika. Hizi hunakili tena na tena bila kugawanyika, zinanenepa, halafu zinamegeka vipande. Vipande hivyo ndivyo vinavyogandisha damu. Kuna protini za kuziamuru zinakili, zisigawanyike. Kwa dada yako protini hizo zimeharibika. Chembe zinabaki ndogo, hazimegeki. Damu inavuja yenyewe chini ya ngozi."

"Hakupijwa?"

"Hakuwahi. Mpaka leo."

Bakr akakunja mkono wa kanzu. "Nitoe damu."

Nkatha akampima haraka. "Kundi lako la damu halimfai. Anayemfaa hapa ni mmoja tu, na amemtolea mara mbili mwaka huu."

Aliyesemwa alikuwa kitanda cha pili, akishonwa kichwa. Ghassan akanyoosha mkono uliobaki mzima.

"Toa," akasema kwa mdomo uliovimba.

"Nikitoa chupa moja utakufa," Nkatha akajibu. "Damu yako imemwagika Shela."

"Toa!"

Bakr akapiga magoti baina ya vitanda viwili, hajui amshike nani. Nyuma ya pazia la kitanda cha kwanza, nesi alivuta shuka akamfunika Mardhiya uso.