Pesa ya Mizani ya Bi Mize

Mwaka wangu wa kwanza katika kituo cha afya cha kijijini, mbele kidogo ya Kinyasini, nilikuwa mkali kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka mjini, Jang'ombe, na vyeti vyangu viwili, na kila mama aliyeingia na mtoto nilimpokea kama mtu aliyekwisha kosa. Wenyeji wananiita dakta, ingawa mimi ni muuguzi tu, na mimi nilikuwa nimeanza kulizoea jina hilo.

Jumatatu moja akaja Hidaya, mzazi wa mara ya kwanza, kuleta mtoto wake kwa chanjo. Nilipomfunua mtoto nikaona amefungwa kitambaa cheupe tumboni. Nikakifungua. Juu ya kitovu, ambacho kilikuwa kimetokeza kama pua, palikuwa na pesa ya shaba, pana kidogo, nyeusinyeusi kwa mafuta ya nazi. Nikamuuliza Hidaya nani aliyemfanyia mtoto mambo haya. Akaniambia ni Bi Mize, kila mtoto wa pale mwenye kitovu kikubwa huwekewa pesa ya Bi Mize, na yeye mwenyewe Hidaya aliwekewa.

Nilimsema mbele za watu. Nilimweleza habari za vidonda, pepopunda na uchafu, na kwamba kitovu kama kile hurudi chenyewe mtoto akikua. Yote niliyosema yalikuwa kweli, lakini nilivyoyasema Hidaya alitoka analia. Ile pesa nikaifutafuta kwa pamba, nikaitia kwenye mtoto wa meza.

Siku mbili baadaye akaja Hilali, dereva anayetuletea chanjo kutoka mjini. Nilifungua droo ile ya meza kutafuta kalamu ya kusaini karatasi zake, macho yake yakaangukia ndani. Hilali ana mkebe wa maziwa nyumbani kwake umejaa pesa za zamani. Hilo kila mtu analijua, maana hana mazungumzo mengine. Akaiokota, akaigeuza upande wenye jina la Seyyid Barghash, akaigeuza tena upande wenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu, akanyamaza. Nilikuwa sijapata kumwona Hilali amenyamaza.

Akanieleza kwamba pesa za namna hii zipo nyingi, lakini nyingi zimekwisha sura, mizani imebaki kama alama ya kidole. Hii inaonekana mpaka kamba za mizani. Ilikuwa haikugusana na pesa nyingine miaka yote, imekaa ndani ya kitambaa na mafuta. Akataja bei. Haikuwa bei ya utajiri, lakini haikuwa ya kuchezea. Nikamwambia si yangu. Akasema akipatikana mwenyewe nimwambie Hilali anaitaka, na kwamba hatabadilisha maneno.

Alhamisi asubuhi mwenyewe akaja. Bi Mize Vuai alikuwa kizee mfupi, mwembamba, amejitanda kanga ya rangi ya udongo, na alitembea upesi kuliko umri wake. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine mpaka zamu yake ikafika, ingawa watu walimwachia nafasi. Alipoingia hakulalamika. Aliniambia tu amekuja kuchukua pesa yake.

Nami nikampa somo lote tena, kuanzia mwanzo. Nikamaliza kwa kusema kwamba sitamrudishia mpaka aniahidi haitofungwa tena juu ya mtoto yeyote. Alinisikiliza mikono imelala mapajani. Nilipokwisha akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia mimi Zuwena Silima, baba yangu ni mtu wa hapahapa lakini tulihamia mjini mimi mdogo.

"Silima Khatibu?"

"Ndiye."

"Na mama yako yuhai?"

Nikamwambia yuhai, yuko Jang'ombe. Akasema, "Alhamdulillahi," akainuka, akaondoka bila pesa yake. Nilidhani nimeshinda.

Jioni ile, baada ya magharibi, nilimpigia mama simu kama kawaida yangu. Nikamhadithia habari za kizee na pesa yake ya kitovu, nikimwiga na sauti. Mama hakucheka.

"Ina mizani hiyo pesa?" akaniuliza.

"Ina mizani."

"Umemnyang'anya Bi Mize pesa yake, Zuwena?"

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka thelathini na nne hakuna mtu nyumbani kwetu aliyelisema.

Mama alinizaa kijijini, ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, masika, baba akiwa mjini anafanya kazi bandarini. Kitovu changu kilipokatika kilitokeza, akaitwa Bi Mize, akanifunga pesa yake. Kila baada ya siku mbili tatu alipita asubuhi kuitazama. Siku ya saba alikuta mlango umeegeshwa na bibi yangu amekaa barazani. Bibi akamwambia mzazi amelala, mtoto yu salama, aende arudi kesho. Bi Mize akasema yeye hakuja kumtazama mzazi, amekuja kutazama pesa yake. Akaingia. Mama alikuwa anawaka moto, hajijui, na chumba kina harufu. Kwa siku mbili bibi alikuwa akisubiri mganga kutoka Mkokotoni, maana aliamini ni shetani, na kwamba mwanamke hatolewi nje kabla ya arobaini bila ruhusa ya mumewe.

Bi Mize hakubishana. Alinifunga mimi kifuani kwa kanga, akatoka mpaka barabarani, akasimamisha lori lililobeba miwa. Akarudi na dereva na utingo wake, wakambeba mama na mkeka wake. Bibi yangu alisimama mlangoni akimlaani. Walisafiri juu ya miwa hadi mjini, kichwa cha mama kikiwa pajani kwa Bi Mize. Spitali madaktari walisema angechelewa siku moja zaidi asingepona. Bi Mize alikaa naye siku tisa, akilala sakafuni chini ya kitanda, akiniweka kwenye titi la mama hivyohivyo, huku mwenyewe hajui kama ana mtoto.

Baba alipopata habari alitaka kwenda kumshukuru. Bibi akasema atakayekanyaga nyumba ya mwanamke yule asikanyage yake. Baba alimwogopa mama yake. Wakahamia mjini. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na mama akaona aibu kwenda kutoa shukrani iliyochelewa vile. Bibi alipofariki aibu ilikuwa imeshakuwa kubwa kuliko nyumba.

"Kesho nakuja," mama akasema. "Usimwendee peke yako."

Alifika saa mbili asubuhi kwa gari ya kwanza, na kapu lenye doti mbili za kanga, sukari, mchele wa basmati, na chupa ya marashi. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu. Njiani mama mara mbili alisimama akajifanya anarekebisha kiatu.

Bi Mize alikuwa uwani anapepeta mchele. Mama alipomwona alitua kapu, akapiga magoti palepale kwenye kumvi, akamshika miguu. Bi Mize alishtuka.

"Nyanyuka, mwanangu, utajichafua. Nani wewe?"

"Mimi Mtumwa, mke wa Silima Khatibu."

Kizee akafikiri. Alisema jina analijua vyema, ila amewashika wazazi wengi na sura zimechanganyika. Mama akamtajia masika ile, akamtajia bibi yangu mlangoni, lori. Hapo uso wa Bi Mize ukafunguka.

"Loo. Yule aliyekuwa akiomba muwa?"

Mama hakujua habari hiyo. Bi Mize akamweleza kwamba njia nzima, katika homa yake, alikuwa akisema nipe muwa, nipe muwa, na utingo masikini akamenya mmoja kwa meno, akawa anamtilia maji yake mdomoni kwa kitambaa. "Nilimwambia yule kijana, huyu hafi. Anayekufa haombi muwa."

Mama alicheka akilia. Alisema asante, na alipoisema mara ya kwanza akawa hawezi kuacha, akaisema tena na tena, mpaka Bi Mize akamwambia basi, imefika, hata ile ya mwaka jana imefika. Alipomwambia kwamba anaona aibu kwa kuchelewa, kizee akasema yeye alikuwa akipata salamu kila siku, maana kila asiposikia msiba wa mke wa Silima alijua yu mzima.

Zamu yangu ikafika. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya kituoni, nikamkabidhi pesa yake, niliyokuja nayo, kwa mikono miwili. Nikamwambia pia, kwa sababu sikutaka kumficha kitu, kwamba juu ya kitovu sikubadilika, pesa haisaidii.

"Najua haisaidii," akasema.

Nikamtazama.

"Tangu lini kitovu kikarudi kwa pesa? Kinarudi chenyewe. Hata aliyenifundisha alijua." Akaigeuza ile pesa kiganjani. "Wewe, dakta, ukigonga nyumba ya mtu ukasema umekuja kumtazama mzazi, watakwambia mzima, amelala, ana wivu mumewe, kesho. Ukisema umekuja kutazama pesa yako, nani atakuzuia? Mali yako. Ndiyo naingia. Naona macho ya mzazi, nagusa miguu, nanusa chumba. Pesa naitazama mwisho, nikikumbuka."

Miaka mitatu nilisomea kazi ile chuoni, na hakuna aliyenifundisha namna ya kupita mlangoni.

Nikamweleza habari za Hilali na bei yake. Nilitegemea atakataa. Yeye akauliza kama inatosha nauli ya meli ya Pemba. Nikasema inatosha kwenda na kurudi, na chakula cha njiani. Akauliza kama Hilali ni mtu wa kweli au wa maneno. Nikasema ni wa maneno mengi, lakini ya kweli.

"Basi muuzie. Nina dada yangu Wete, Kazija, sijamwona huu mwaka wa kumi na mbili. Miguu yake haimchukui tena. Pesa hii imeingia nyumba za watu vya kutosha."

"Na watoto?" nikasema. "Utaingiaje?"

"Sasa kuna wewe. Mimi nitakupeleka mlango kwa mlango, wakuzoee. Ila uache kugomba. Ukigomba wanaficha."

Ndivyo tulivyofanya wiki mbili zilizofuata. Kila baada ya kazi nilimfuata nyuma, akinitambulisha kwa kila mama: huyu mjukuu wangu, mtoto wa Silima, mkinificha mimi msimfiche yeye. Kwa Hidaya nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai na mkate wa kumimina, na baada ya muda akanionyesha titi lake lililokuwa limeanza kuvimba, ambalo kituoni asingethubutu kunionyesha. Tulilitibu mapema.

Hilali alikuja kuichukua pesa amevaa shati la Ijumaa. Alilipa kama alivyosema, akamwomba Bi Mize amhadithie ilikotoka. Kizee akamwambia ilikuwa ya mkunga aliyemfundisha, na kabla yake ya mkunga mwingine, na zaidi ya hapo hajui. Hilali akayaandika yote kwenye kikaratasi. Alisema katika mkebe wake hii ndiyo ya kwanza atakayoiweka na majina ya watu.

Mama alikataa katakata Bi Mize asafiri peke yake. Alikata tiketi yake mwenyewe, akafunga kapu, akamshika mkono kupanda meli. Nilikwenda bandarini kuwasindikiza. Kila siku mama alinipigia simu kutoka Wete. Siku ya kwanza alisema Bi Mize ametapika safari nzima, na kila akimaliza anauliza kama bado kuna ndizi. Siku ya pili alisema wale dada wawili wamelala kitanda kimoja na wamezungumza mpaka adhana ya alfajiri, yeye amejibanza kwenye mkeka akiwasikiliza. Siku ya tano nikamsikia Bi Mize mwenyewe nyuma ya simu akimwambia mama aniulize juu ya mzazi wa nyumba ya bati jipya, kama miguu yake iliyovimba imepungua. Ilikuwa imepungua. Nilikuwa nimempeleka kupimwa presha.

Kwenye nyumba nyingine, siku hizo wako Pemba, mume wa mtu alisimama mlangoni, mkono juu ya mwimo, akaniambia mkewe hajambo, hakuna haja. Nikamwambia kwa upole nimetumwa na Bi Mize. Aliushusha mkono, akasogea. Mkewe kweli alikuwa hajambo, anamwogesha mtoto. Nilikaa nao nusu saa bila kugomba, nikaondoka na papai.

Walirudi baada ya siku kumi na moja, na halua ya Wete na sura zimenona. Nilimpokea Bi Mize bandarini, nikambebea mfuko. Njia nzima garini hadi kijijini, mimi na mama tumemweka katikati, alinitajia mzazi mmoja mmoja kwa jina, nami nikamjibu: yule anakula, yule ametoka damu kidogo na imekatika, yule amepata wa kiume. Alipofika kwa wa mwisho akatikisa kichwa, ameridhika.

Nikamwambia, "Bi Mize, ahsante kwa mama yangu."

Alikuwa ameshasinzia begani kwa mama. Mama akaniashiria nipunguze sauti.