Fungu la Mwatime

Mwatime aliingia wodini na mkebe wa biskuti kwapani, nikajua papo hapo ni ndugu yake Hashim. Anatembea kama mtu asiyetaka majani yamsikie. Mwendo huo nilishauona kwa kaka yake kule Sulay, hapa Riyadh, ghalani, kwenye sakafu ya simiti isiyo na jani hata moja.

"Wewe ndiye Ezekieli?" akaniuliza.

"Ndimi. Na hiki ni kitambi changu, tunasafiri pamoja."

Akacheka kidogo kwa adabu, halafu akamwona kaka yake kitandani na kicheko kikaisha. Upande mmoja wa uso wa Hashim ulikuwa umeshuka kama turubai lililokatika kamba.

Hashim alianguka Jumanne, katikati ya katoni za maziwa ya watoto. Mimi ni karani wa storo pale, Mtaita wa Mwatate. Diploma imenipa kiti, na kiti kikanipa kitambi. Hashim ndiye mbebaji wangu, na chumbani kitanda chake kiko juu, changu chini. Kwao ni Lamu, lakini si Lamu ya mjini. Ni Mboni wa ndani ya msitu, wale warina asali ambao wenyewe wanajiita Waaweer. Alikuwa anazungumza Kiswahili kitamu cha kule kwao, "ndoo hapa mwalimu," yaani njoo, ananiita mwalimu kwa sababu ya hiyo diploma, na Kiarabu cha ghalani kinamtosha kugombana na Wapakistani.

Sasa alipofumbua macho hospitalini, Kiswahili hakuna. Kiarabu nacho mafi, hakuna. Kimebaki Kiboni peke yake, na anakizungumza kwa kirefu, kwa upole, anakutazama akingoja umjibu. Daktari, Msudani mwenye subira, alinieleza kwamba kiharusi hufanya hivyo mara nyingine. Lugha ulizojifunza baadaye zinakatika, ile ya kwanza inabaki. Huenda zitarudi, huenda hazitarudi. Akaniuliza, "Nani hapa anajua lugha yake?"

Hapa Saudia nzima nilikuwa namjua mtu mmoja tu. Kupiga simu kwao kulishindikana, mnara wa kule uliangushwa na haujasimamishwa. Nikampigia Mwatime, anayefanya kazi ya nyumbani Nuzha, Jeddah. Madam wake, mama wa watu, akamkatia tiketi ya ndege mwenyewe, na akamwambia usiku uwe umerudi, kesho kuna wageni.

Na haraka ilikuwepo. Mandubu wa kampuni, yule mtu wa makaratasi, alikuwa anangoja jibu siku hiyo hiyo. Ama Hashim abaki, afanyishwe mazoezi ya viungo kwa wiki chache ambazo bima inakubali. Ama apigwe muhuri wa kutoka, apande ndege, arudi kwao, ambako zahanati ilifungwa tangu vurugu za msituni na watu wamehamishiwa barabarani. Mandubu si mtu mbaya. Alisema, "Sitamsafirisha mtu bila kujua anataka nini. Muulizeni."

"Muulize, dada," nikamwambia Mwatime.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akafungua mdomo, akaufunga. Hashim alimwona, jicho zima likajaa maji, na maneno yakaanza kumtoka kama bomba lililozibuka. Mwatime anaitikia kwa kichwa. Anaitikia. Mimi nimekaa na watu wengi wanaoitikia mikutanoni bila kuelewa kitu, nikaona.

"Amesema nini?"

"Maji," akasema. "Amesema maji, na njia. Na jina langu."

"Basi?"

"Mengine siyajui, kaka Ezekieli." Alikuwa anakunja pindo la baibui lake, analikunjua. "Mimi nina Kiboni cha mtoto. Njoo, nipe, nina njaa, nyuki huyo. Baada ya hapo nikaenda bweni."

Bweni lenyewe Hashim ndiye aliyempeleka. Yeye aliishia darasa la tatu, akarina asali mpaka mdogo wake akapata shule ya bweni huko kwa watu. Huko wasichana wakamwita mtoto wa nyuki, wakawa wanajikuna akipita. Akajifunza kuwa mtu wa Lamu mjini. Likizo akija, Hashim akimsemesha, anamjibu, "Sema Kiswahili." Na Hashim, kwa sababu alimpenda na kwa sababu shule ilikuwa shule, akasema Kiswahili. Hata simu zao za kutoka Riyadh kwenda Jeddah zilikuwa hivyo.

"Hata hapa nimewaambia wenzangu mimi ni wa Langoni, Lamu mjini," akasema. "Achieng, tunayefanya naye kazi, mpaka leo ananiagiza halua."

Daktari akaingia. Akataka kuona dawa ambazo mgonjwa alikuwa anatumia, nami nilikuwa nimezileta kwenye mfuko. Akazigeuza geuza. "Hizi za presha ni nzuri. Kama angekuwa anameza kila siku, hapa tusingefika. Alikuwa anameza?"

"Anameza asubuhi. Mimi mwenyewe nimemwona," nikasema.

"Kila asubuhi?"

Nilikuwa nafikiria jibu pale Mwatime alipouchukua mkebe wake na kuuweka kitandani. Akaufungua. Vidonge vya presha, vile vile, vimejaa mpaka juu, kadi zimekatwa katikati na mkasi, zimenyooka vizuri kama mtu anagawa keki.

"Nimemletea," akasema kwa Kiarabu. "Nilisikia ni presha, nikadhani zimemwishia."

Daktari akatazama kadi moja ya mkebe, akatazama moja ya kwenye mfuko. Pale zilipokatwa zikaoana, nusu mbili za kadi moja. Akaandika, akatoka.

Mimi nilikuwa najua habari ya mafungu. Kila kitu Hashim alichopata alikata cha Mwatime. Tende, sabuni, hata blanketi la kampuni alitaka kulipasua, nikamzuia. Vifurushi tulikuwa tunampa dereva wa basi, na nilimtania sana. "Wewe una dada au una mke wa siri Jeddah?" Naye akanieleza ya kwao. Msituni kuna ndege mdogo anayejua asali ilipo. Unampigia mbinja, anakuitika, anatangulia mti kwa mti, unamfuata. Ukisharina, lazima umwachie masega yake. Usipomwachia, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka. "Na mimi Saudia hii nani alinionyesha?" akasema. Ni kweli, Mwatime ndiye aliyetangulia kuja, na ndugu wa madam wake ndiye mwenye ghala. Nikamwambia, "Basi mshukuru amekuonyesha Wapakistani tu, si nyoka." Tukacheka mpaka kitanda kikalia.

Kwamba aligawa na vidonge, hilo halikunijia. Lingemjia nani?

"Wewe una presha?" nikamuuliza Mwatime.

"Sina. Niliwahi kumwambia kichwa kinaniuma, basi. Kilikuwa cha kukosa usingizi."

"Na hukumwambia huvimezi?"

"Fungu halirudishwi." Alikuwa ananong'ona. "Ukirudisha umemwambia hukumwonyesha njia. Tena nilidhani ananunua ziada. Nikasema nitaweka tu. Nilikuwa najisikia vizuri kuuona mkebe unajaa, kaka. Kila ukijaa nasema, kaka ananikumbuka."

Nina mzaha wa kila msiba. Wa huo sikuwa nao.

Mandubu akachungulia mlangoni. "Yalla, jamani. Anasemaje?"

"Dakika moja," nikamwambia, na yeye akaegemea ukuta wa nje.

Mwatime akajaribu tena. Akamwambia kwa Kiboni chake cha kitoto, akionyesha kitanda, halafu akionyesha dirisha na mkono ukiruka kama ndege ya abiria. Hashim akatazama kitanda, akatazama dirisha. Akasema sentensi mbili, tatu. Mwatime akatikisa kichwa. Akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama anayemsemesha kiziwi. Hapo Hashim alimtazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza sana. Sidhani alikuwa na hasira naye. Alikuwa kama mtu aliyebisha hodi kwake na kufunguliwa na mgeni.

Halafu akafanya kitu. Akakusanya midomo. Upande mzima ukakubali, ule mwingine ukalala tu. Akapuliza. Ukatoka upepo, na mate kidogo. Akapuliza tena.

Nikadhani ana kiu, nikashika gilasi. Mwatime akanizuia mkono. Alikuwa amebadilika uso. Akalowesha midomo yake, akapiga mbinja. Ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikatoka nyembamba, ndefu, ikapanda na kuvunjika juu, na nesi Mfilipino aliyekuwa anapita korido akasimama, akatazama dari.

Hashim akaweka kichwa kwenye mto. Akanyoosha ule mkono mzima, akamwonyesha Mwatime kwa kidole. Halafu akajigusa kifua.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Hasemi. Ananiita." Machozi yalikuwa yanamshuka na hayafuti. "Ndivyo anavyoitwa yule ndege. Ananiambia nitangulie, atafuata."

"Basi tangulia."

"Si nimetangulia, kaka Ezekieli? Si ndiko huku nilikomleta?"

Akainuka hata hivyo. Akaenda mlangoni akamwambia mandubu kwa Kiarabu safi cha Jeddah kwamba mgonjwa anabaki, afanyishwe mazoezi mpaka bima iseme halas. Mandubu akamuuliza, "Amesema yeye?" Mwatime akasema, "Nimesema mimi. Yeye amekubali." Mandubu akaandika jina la Mwatime.

Saa ya uwanja wa ndege ikafika. Mkebe aliniachia mimi. "Kila asubuhi," akaniambia, "na umtazame mdomo mpaka ameze."

"Nitamtazama mpaka anichoke."

Wakati huo wahudumu walikuwa wamepitisha chakula cha jioni. Hashim alikuwa ameletewa kastadi kwenye kibakuli. Kwa mkono wake mmoja, polepole, alikuwa anachora mstari katikati kwa kijiko. Akasukuma nusu upande ule wa Mwatime. Kijiko kikaanguka, nikamwokotea.

Mwatime alikuwa ameshavaa mkoba begani. Aliangalia kile kibakuli. Angeweza kusema ameshiba, ndege haimngoji, mgonjwa ale yeye. Mimi nilikuwa karibu kumsemea.

Akachukua kijiko mkononi mwangu, akalila fungu lake akiwa amesimama, lote, mpaka kwenye mstari.