Njaa ya Usiku Mmoja

Seremala mstaafu na mkewe walikuwa wamechoka kufuga. Mgongo wa mzee haukuinama tena bila kulalamika, na kuwakatia sungura majani kila alfajiri kulikuwa kumewamaliza wote wawili. Hata hivyo walikuwa na tumaini moja. Muuza nyama alikuwa ameahidi kwamba, endapo sungura wa majaribio wangetoa nyama ifikayo nusu ya uzito wao wakiwa hai, angechukua wengine kila wiki. Kama sivyo, vizimba vingepasuliwa kuni.

Mzee alijitahidi kuziba kila mwanya. Alipandisha majike kwa dume lenye kiuno kipana alilopewa na mkwewe, akachagua sungura vijana waliokwisha kujaa mapaja lakini bado hawajaweka mafuta, akawaongezea pumba, na nyakati za joto akawatundikia magunia yaliyoloweshwa, maana sungura akihema sana kwa joto hawezi kula vizuri. Agizo la mwisho la muuza nyama lilikuwa jepesi: usiku wa kuamkia kuchinjwa, wasile.

Asubuhi walipimwa wakiwa hai, na mshale wa mizani ulipanda hata mzee akajiruhusu kutabasamu. Walipokwisha kuchinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo, nyama haikufika nusu. Mzee alianza kumlaumu mkwewe na dume lake. Muuza nyama hakubishana naye. Alipasua tumbo moja pale mezani, likamwaga majani mabichi.

"Mzee, hawa wametoka harusini," alisema. "Mimi siuzi kabichi."

Mzee alimgeukia mkewe, ambaye alikuwa akifuta kisu kilichokwisha kuwa safi.

"Mnyama anayekwenda kufa," mkewe alisema, "halali na njaa nyumbani kwangu."

Muuza nyama, ambaye naye alikuwa amechoshwa na mabishano ya wake na waume wa watu, alisema angerudi wiki iliyofuata kwa jaribio moja la mwisho.

Wiki ilipita kwa maneno machache. Jioni ya kuamkia jaribio la pili, mzee aliondoa vyombo vya chakula kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamkuta mkewe ameketi mbele ya vizimba, kapu la majani mapajani. Alikusudia kugomba, lakini hata kugomba kulihitaji nguvu. Akaketi kando yake. Sungura walisogea kwenye wavu, wakinusa.

"Mama," alisema, "maji hawakukatazwa."

Mkewe alimkabidhi kapu, akashika bega la mumewe ili ainuke, akaenda kuchota maji. Alijaza kikopo baada ya kikopo bila haraka, akimsemesha kila sungura kwa sauti ya chini.

Kesho yake nyama ilivuka nusu. Muuza nyama aliridhika, akaagiza wengine kwa wiki iliyofuata. Mzee alishukuru kwa adabu, huku akifikiri kwamba sasa jioni kama ile ingerudi kila wiki.