Mikono ya Gakindu

Siku ya soko, chifu alipanga viti vya plastiki nje ya ofisi yake pale Gakindu, na afisa wa mazingira kutoka Nyeri akaeleza mambo ya mikaratusi. Miti hii inakunywa maji, akasema. Iliyo kando ya mto ikatwe, mto upumue. Chifu akauliza nani anakubali. Mikono yote ikainuka. Mzee Moffat akaomba, mkutano ukaisha.

Mikono haikushuka.

Watu walienda nyumbani hivyo hivyo. Njoki, fundi wa nguo, alianza kushona mashati ya kufungwa vifungo kwapani. Kahawa ilichumwa kwa mkono mmoja, polepole. Walioinua wa kushoto walionekana werevu. Mchungaji alisema hajawahi kuwa na waumini wachangamfu namna hiyo.

Murugi, ambaye wengi walimwita Mama Anita, alikuwa na haraka. Chemchemi ya chini ya shamba lake, iliyonywesha ng'ombe wake na miche yake ya kahawa, ilikuwa inapungua. Kila asubuhi kabla ya chai alishuka kuisikiliza. Akaita mwenye msumeno, akakata mikaratusi yake yote, hata ule mnene aliopanda marehemu mumewe. Mti wa mwisho ulipoanguka mkono wake ukashuka, una ganzi kidogo.

Chemchemi haikuongezeka. Juu yake kulikuwa na mikaratusi ya Theuri, jirani yake, na ya Kingori, na ya kanisa. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze. Theuri alimwambia ati miti ndiyo karo ya watoto, na tena mtu mmoja akikata peke yake itasaidia nini.

"Lakini mimi nakubali kabisa," akasema. "Si unaona mkono?"

Mwanzoni watu walimsalimia Murugi kama kawaida. Halafu wakaanza kuuangalia ule mkono wake uliolala. Akienda sokoni alianza kubeba kikapu kichwani, hata kikiwa kitupu, apate sababu ya kukishikilia.

Afisa aliporudi kuona kama wananchi wameupokea mpango, aliwakuta wamejipanga kando ya mto, chini ya mikaratusi, mikono juu. Alifurahi. Akauliza yule mama mwenye mkono chini ana shida gani.

"Huyo ni Mama Anita," Theuri akasema. "Yeye ndiye amekataa. Lakini ni mtu mzuri, tutaongea na yeye polepole."

Murugi akasema yeye ameshakata, akaonyesha visiki vyake. Afisa aliangalia visiki, akaangalia mikono, akamwomba kwa heshima asogee kando kidogo ili picha ipigwe.

Akasogea. Kutoka hapo alipitia chemchemini. Ndoo haikuzama tena. Alichuchumaa akachota kwa kikombe, na alipochoka akainua mkono juu, kujaribu tu. Ulikaa kadiri alivyoushikilia, kisha akaushusha, kwa sababu ng'ombe alikuwa analia.