Mswala wa Mbele

Kadidja alikuwa na msimamo mkali juu ya mazulia, mkali kuliko wa watu wengine juu ya siasa. Zulia zito la sufu, lile jekundu ambalo mumewe alilinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa akifunga virago baada ya uhuru, mahali pake ni saluni, sebule ya wageni, walione. Chumba cha kulia kinataka zulia jembamba la kukung'utwa, maana wali haukosi kudondoka. Chumba cha kulala kinataka kitu laini, mguu usishtuke alfajiri. Na barazani ni mkeka tu. Anayetandika sufu barazani, kwa matope haya ya Kisangani, hana akili, na Kadidja hakuona haya kumwambia.

Agosti ya mwaka wa sitini na nne waasi walipoingia mjini, mazulia hayohayo yakamgeuka. Waasi walikuwa wakiwasaka makarani wa serikali, na Hemedi mumewe alikuwa karani. Jirani yao Lambert alichukuliwa akiwa ameketi salunini kwake. Waliomchukua walitazama zulia lake, wakatazama tai yake, wakasema huyu ameishi kizungu. Hakurudi. Lisemwalo lipo, na lililosemwa mtaani ni kwamba nyumba ya karani haihitaji kuulizwa, unaikanyaga tu unaijua.

Hemedi akapanda darini. Kadidja akabaki chini na mama mkwe wake, Mama Safi, akaanza kuhamisha mazulia. La sufu alilikunja akalisukuma chini ya kitanda, kisha akalivuta tena, kwa kuwa kitu kilichofichwa kina hatia kuliko kilichotandikwa. Akalirudisha salunini, akaligeuza mgongo juu. Likaonekana jipya zaidi. Mama Safi alimwambia atulie, lakini angetuliaje? Kila alipoketi, chumba kingine kilimwinua. Alimchukia yule Mbelgiji, akalichukia zulia, akajichukia mwenyewe kwa kuwa bado alilipenda.

Mwishowe zulia lile alimtandikia Mama Safi alilalie, kama godoro la mgonjwa. Salunini akaleta mkeka wa barazani, na juu yake akatandika miswala mitatu, ili nyumba ionekane ya watu wa sala na si ya watu wa ofisi. Alisimama mlangoni akaitazama kazi yake, akaridhika kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Kumbe hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mwanamke aliyelelewa vizuri. Miswala aliitandika kama ilivyotandikwa siku zote nyumbani humo: mmoja mbele, wa Hemedi, na miwili nyuma, wake na wa Mama Safi. Mazoea yana taabu.

Waasi walifika wakati wa magharibi, wawili. Mmoja alibaki getini na mkuki. Wa pili, mwanaume wa makamo aliyejitaja kuwa Asumani wa Kasongo, aliingia na bunduki. Alipofika ukingoni mwa mkeka alisita, akavua viatu. Kadidja alitaka kucheka kwa furaha. Aliulizwa habari za mumewe, akajibu kwamba alikwenda Isangi kutafuta samaki na hajarudi.

Asumani hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama chini. Wanawake wakiswali peke yao, anayewaswalisha husimama katikati yao, hatangulii. Kila aliyepita chuo cha Kurani analijua hilo.

"Mama," akasema polepole, "na ule mswala wa mbele iko wa nani?"

Kadidja aliinama akaunyoosha ule mswala. "Iko wako, papa," akajibu. "Tulikuwa tunangojea mwanaume wa kutuswalisha."

Asumani alimtazama kidogo, akaegemeza bunduki ukutani, akaomba maji ya udhu. Kisha akasimama mbele, nao wakasimama nyuma yake. Alikuwa na sauti nzuri, nzuri mno kwa mtu wa kazi ile. Alipomaliza Alhamdu, wanawake wakaitikia amina kwa mnong'ono. Na juu ya vichwa vyao, darini, sauti nzito ya kiume nayo ikaitikia amina, kama ilivyozoea tangu utoto, kabla mwenyewe hajaizuia.

Swala haikatwi. Asumani aliendelea kusoma bila kutetemeka. Kadidja alirukuu na kusujudu bila kujua yuko rakaa ya ngapi. Aliomba kitu kimoja tu, salamu isifike.

Ikafika. Asumani akainuka, akachukua bunduki, akamwita mwenzake wa getini.

"Wenceslas, hapa hakuna mutu. Iko bamama tu."

Alivaa viatu mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Kesho magharibi nitarudia. Umuambie ashuke. Mutu haswali juu ya kichwa ya imamu yake."

Hemedi aliposhuka alitaka kumngoja. Mtu aliyemfichia siri hawezi kumgeuka, alisema. Kadidja hakutaka kusikia. Lambert naye aliwaamini watu. Wakabishana hadi Mama Safi akakata shauri, na kulipopambazuka Hemedi alikuwa katika mtumbwi wa wachuuzi, ameelekea Isangi kwelikweli.

Jioni Asumani alirudi, peke yake, bila bunduki. Alikuwa amevaa shati safi. Akavua viatu, akatazama mkeka. Safari hii Kadidja alikuwa ametandika miswala miwili, sambamba, hakuna wa mbele.

"Alienda," Asumani akasema.

"Alienda."

"Muliniogopa."

Kadidja angeweza kudanganya, lakini uongo ulikuwa umemwisha. Akasema ndiyo.

Asumani aliitika kwa kichwa. "Tangu tumetoka Kasongo, hakuna mwanaume aliitika amina nyuma yangu. Bwana yako alikuwa wa kwanza."

Hakuswali. Akaokota viatu vyake, akatoka navyo mkononi, akavuka baraza na ua wenye matope bila kuvivaa. Kadidja alimwonea huruma hadi machozi yakamtoka, na hata hivyo alishukuru kwamba mtumbwi ulikuwa umeshafika mbali.