Aksanti, Tuko Muzuri

Mafuriko yalipobeba nyumba yake kule Lubarika, Mama Nyandwi alikuja mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, na wajukuu wake watatu, wakalala katika darasa la shule moja ya mtaa wa Rugenge. Juma la tatu, shirika fulani la misaada lilimtuma Madame Solveig, mzungu mpole, aandike majina ya watakaopewa mahema. Consolée, binti wa mtaa huohuo, ndiye aliyemtafsiria.

Mama Nyandwi alimkaribisha mgeni kwenye mkeka, akamwekea viazi vitamu viwili vilivyokuwa chakula cha watoto. Madame alikataa kwa upole. Kanuni za shirika zilimzuia kula chakula cha waliopoteza makao.

"Muulize kama anahitaji msaada wetu," alisema. "Ana haki ya kukataa."

Consolée akauliza.

"Aksanti sana, mama," Mama Nyandwi alijibu, macho chini. "Siye tuko muzuri. Mungu iko."

Hata mama mzazi wa Consolée angejibu vivyo hivyo. Mgeni aliyeketi sasa hivi humtupii shida zako usoni; unamshukuru kwanza, naye anauliza tena, hata mara tatu.

"Amesema hivyo kwa heshima," Consolée alieleza kwa Kifaransa. "Tumuulize tena, Madame."

"Consolée, tusimsemee. Ni mtu mzima, ameshajibu. Kumuuliza tena ni kumdharau."

"Lakini watoto wanalala kwenye sementi..."

"Wewe tafsiri tu, tafadhali."

Mama Nyandwi akawasindikiza hadi nje, akitabasamu.

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Alimfuata Consolée nyumbani.

"Mwanangu, minye nilisema nini mubaya? Ao ni ile viazi?"

"Hapana, mama. Ulisema muzuri."

"Basi uniombee musamaha kwa ule mama."

Consolée alimwandikia Madame kwenye simu, akaeleza yote upya. Jibu lilifika jioni: hakuna haja ya msamaha, uamuzi wa mama yule unaheshimiwa kabisa, na orodha imeshafungwa.

Jumatatu masomo yalianza tena. Mkuu wa shule alimwomba Mama Nyandwi aondoke kabla ya kengele, naye akamshukuru. Consolée alimbebea mjukuu mdogo hadi barabarani. Hapo mtoto akauliza wanaenda wapi. Mama Nyandwi akamwambia amshukuru kwanza dada aliyembeba.