Mama Fahadi Asije Uwanjani

Kila timu ya mchangani ina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua kamati hiyo haina fundi hata mmoja. Kazi yake si kufundisha watu mpira. Kazi yake ni kujua kilichofukiwa golini, kujua timu iingie uwanjani kwa njia gani, na kuamuru wachezaji wazima waruke uzio wakati njia ipo wazi mbele yao. Kisiba Shooting nayo ilikuwa na kamati yake, na mwenyekiti alikuwa mzee Nsajigwa, mkulima wa parachichi mwenye sauti ya upole, mtu unayemkuta kanisani Jumapili asubuhi na nyuma ya goli Jumapili jioni. Msimu huu kamati ilikaa, ikajiuliza kwa nini timu inafungwa, ikapata jibu. Jibu lilikuwa Mwanabibi.

Huyu Mwanabibi alikuwa mama mzazi wa Fahadi, straika wa timu. Alikuwa mjane, anauza vitumbua njia panda ya kwenda ziwani, mmoja wa Waislamu wachache wa pale. Tangu mwanawe aanze kuchezea Kisiba Shooting hakuwahi kukaa nyumbani siku ya mechi kwa kupenda. Alikuwa na mahali pake karibu na kibendera cha kona, na alisimama hapo mvua inyeshe isinyeshe, ingawa kwa Kisiba hilo la isinyeshe ni maneno tu. Sheria za mpira hakuzijua sana. Kuotea, kwake, ulikuwa uonevu wa refa. Lakini alijua mguu wa mwanawe unauma kabla mwenyewe hajachechemea, na Fahadi akigusa mpira tu, vigelegele vya mama yake vilisikika mpaka huko kwenye migomba. Mumewe Yussuph alipofariki, watu waliona ameanza kuongea kwa sauti ya chini siku zote sita za wiki. Ya saba ilikuwa ya mpira.

Maneno ya gundu yalianza kama mzaha. Mechi ya kwanza ya kombe la ng'ombe Mwanabibi alikuwa msibani Tukuyu, na Kisiba wakashinda. Ya pili, kule Lufingo, alikwenda, wakafungwa matatu. Ya tatu alikuwa amelala na homa, wakashinda tena. Ya nne yeye akapona, timu ikaugua. Mtu mmoja akaandika kwenye kundi la wasap la mashabiki kwamba huyu mama akija tu, tumeliwa, na wenzake wakajibu kwa vikatuni vya kucheka. Kwamba golikipa wao alikuwa anadaka kama anayefukuza nyuki, hilo hakuna aliyeliandika. Kicheko hakidaiwi ushahidi. Wiki ile ile kamati ikakaa, na safari hii hakucheka mtu.

Mzee Nsajigwa hakwenda kumwambia mwenyewe. Alimtuma Fahadi.

Kijana alikula ugali wake, akanawa, na badala ya kwenda kijiweni akaendelea kukaa pale mkekani akichezea kifuniko cha simu. Mama yake akajua kuna neno.

"Sema basi, limekukaa kooni."

"Mama, Jumapili usije uwanjani."

"Kuna nini Jumapili?"

"Hakuna kitu. Wazee wameona bora upumzike."

"Nani kawaambia nimechoka?"

Fahadi akatazama mlango. "Wanasema una gundu."

Mwanabibi alicheka. Alicheka kweli, mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nitasema nini, mama? Mimi mchezaji tu."

"Fahadi, wewe umesoma madrasa. Marehemu baba yako alikwambia heri na shari zinatoka wapi?"

"Kwa Mungu."

"Sasa?"

"Sasa ni mechi moja tu. Tukitoka sare na Nkunga tunaingia fainali. Nakuomba, mama."

Kijana angefoka, mama naye angemfokea, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliomba, na mama hana silaha dhidi ya mtoto anayeomba. Mwanabibi akakusanya vyombo, akasema sawa.

Ilikuwa sawa mpaka Jumapili alasiri. Alimaliza vitumbua mapema, akafunika kikaango, akakaa kibarazani akisikia kelele za uwanjani zikipanda na kushuka. Mtu aliyezoea kuona hawezi kutosheka na kusikia. Kila kelele ilipopanda alijiuliza ni goli la nani, na kila iliposhuka alijiuliza ni nani ameumia. Mwisho akainuka, akaenda kwa jirani yake Winfrida, ambaye wanaazimana chumvi tangu watoto wao wakiwa wadogo, akamwomba koti la mvua lenye kofia.

"Unakwenda wapi nalo, Mama Fahadi?"

"Kuangalia mbuzi."

Winfrida alijua mwenzake hana mbuzi. Akampa koti.

Hakupita barabarani. Alipita kwenye migomba, akatokea upande wa nyuma ya goli la Nkunga, mbali kabisa na mahali pake pa kila siku, akasimama katikati ya majani mapana amejifunika mpaka kwenye nyusi. Kisiba walikuwa wanaongoza mawili kwa moja. Aliangalia kimya. Mara mbili kigelegele kilimpanda mpaka kwenye meno, akakimeza. Alifurahi hivyo hivyo, kwa siri, na furaha ya siri ilikuwa tamu pia.

Ikabaki dakika chache, beki wa Nkunga akaushika mpira, refa akaonyesha penalti. Fahadi ndiye mpigaji. Akauweka mpira, akafuta viganja kwenye jezi, akarudi nyuma hatua zake, akainua uso kutazama goli. Nyuma ya goli, kwenye majani, palikuwa na koti. Mwanabibi hakutikisika. Lakini mtoto anaujua usimamaji wa mama yake, hata umvike gunia. Walitazamana, na mama akaona kitu kikipita usoni mwa mwanawe, kitu ambacho hakuwahi kukiona hapo tangu amzae.

Kisha Fahadi akakimbia na kupiga, na mpira ukapaa juu ya mtambaa panya, ukaingia kwenye migomba hatua chache kutoka alipokuwa mama yake.

Kijana aliyeufuata mpira ndiye aliyemkuta. Alitoka bila mpira, akapiga kelele kwamba yupo huku. Wachezaji wa Kisiba wote wakageuza shingo kumtafuta, na Nkunga, ambao hawakuwa na habari na mama wa mtu, wakachukua mpira mwingine, wakapiga goli kiki, wakaenda kusawazisha. Mbili kwa mbili. Kisiba wakaingia fainali kwa sare ile, na uwanja mzima hakuna aliyeshangilia.

Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu. Njia waliyomwachia ilitosha gari kupita, na akina mama ambao juzi tu walikula vitumbua vyake waliwavuta watoto wao pembeni.

"Mama Fahadi," mzee Nsajigwa akamwambia, kwa upole wake ule ule, "ndaga fijo, tunashukuru kwa miaka yote. Hatuna neno na wewe. Tulikuomba vizuri tu. Lakini umeona mwenyewe."

Na kweli alikuwa ameona. Mwanabibi hakuwa mjinga. Njia nzima ya kurudi alijieleza kwamba si macho yake yaliyoupaisha ule mpira. Mwanawe alimwona akaogopa, na mtu anayeogopa hapigi penalti. Maelezo hayo yalikuwa na akili, na hakuna kamati ambayo ingeweza kuyajibu. Lakini kama mtoto wako mwenyewe akikuona anaogopa, na akiogopa anaharibikiwa, hicho kitu ukiite jina gani? Alifika nyumbani hajapata jina lingine.

Fahadi alirudi jioni, akavua njumu mlangoni. Alisema neno moja tu, "Kwa nini, mama?" na hakungoja jibu. Heri angempiga kofi.

Fainali ilichezwa Tukuyu mjini. Magari mawili ya kubeba parachichi yalijaa mashabiki tangu asubuhi, Winfrida akiwa miongoni mwao, na kijiji kikabaki na wagonjwa, kuku, na Mwanabibi. Safari hii alijifungia ndani na kuzima simu. Akakaa kitandani, akitafuta la kutamani. Timu ikishinda, mwanawe ni bingwa. Timu ikifungwa bila yeye kuwepo, basi gundu si lake, ni la golikipa, na atarudi kwenye kibendera chake cha kona kichwa juu. Aliupeleka moyo upande wa kwanza. Moyo ukakaa kidogo, kisha ukarudi wenyewe upande wa pili. Alijikuta anataka wafungwe. Anataka Fahadi akose. Alipoligundua hilo alishika mdomo kwa mkono, kwa kuwa alidhani sasa amekutana nalo lile gundu lenyewe, na kumbe lilikuwa na sura yake.

Hawakufungwa. Walishinda matatu bila, na mawili yalikuwa ya Fahadi.

Alisikia magari yakipanda mlima kwa nyimbo na honi, ng'ombe wao wa kombe akilia kwa woga huko nyuma. Alisimama nyuma ya mlango na mkono kwenye komeo. Gari la kwanza lilipofika mbele ya nyumba yake nyimbo zilipungua, kama watu wanaopita penye msiba, kisha zikapanda tena mbele kidogo. Komeo hakulifungua.

Winfrida alikuja baadaye, sauti imemkauka, akasimulia magoli yote mawili kwa mikono na miguu. La kwanza la kichwa. La pili amewapita mabeki, amempita kipa, amesukuma tu.

"Ungemwona, Mama Fahadi. Ungekuwepo wewe..." akasema.

Hakuwa na ubaya, na alijuta palepale. Lakini hata Winfrida hakuweza kuimaliza sentensi hiyo.

Kuanzia siku ile Mwanabibi alikoma kubisha. Alianza kurudi nyuma katika maisha yake kukagua mahali alipowahi kusimama. Alimkumbuka Yussuph hospitalini. Asubuhi ile manesi walisema mgonjwa anaendelea vizuri, amekunywa uji, ameulizia redio. Mchana akaingia yeye na chupa ya chai, akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mkono, na Yussuph akafa. Miaka yote alikuwa akishukuru kwamba mumewe alimngoja. Sasa alijiuliza kama hakumfuata na kitu. Alijua ni dhambi kuwaza hivyo, na aliwaza.

Pale fainali alikuwepo kocha wa timu moja ya Mbeya, na wiki haikuisha akapiga simu. Anamtaka Fahadi aje kwenye majaribio. Hilo ndilo mama na mtoto walilokuwa wakiliongelea tangu kijana anapiga mpira wa makaratasi. Fahadi alimpa habari hiyo amesimama mlangoni, na yeye akasema alhamdulillahi, akamtengenezea begi, akamkunjia nguo mara mbili mbili ili mikono iwe na kazi.

Jioni ya kuamkia safari, baada ya magharibi, alimwona Fahadi anazungukazunguka uani.

"Mama, kesho natoka asubuhi. Mzee Nsajigwa atanisindikiza mpaka stendi. Amesema..."

"Sitatoka nje," Mwanabibi akasema. "Nitakaa chumbani mpaka mwondoke."

Alilisema yeye ili asimsikie mwanawe akilisema. Na bado, mahali fulani, alitegemea atakataa. Alitegemea atasema toka mama, unisindikize, wao ni nani. Fahadi alishusha mabega kwa nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante, mama," akasema.

Asubuhi aliamka kabla yake, akaswali alfajiri chumbani mlango umefungwa. Alisikia maji yakimwagika, zipu ya begi, pikipiki ya mzee Nsajigwa ikingoja njiani. Alisikia hatua zikija mpaka mlangoni kwake na kusimama. Mtoto anayesafiri huomba radhi kwa mama yake, na Fahadi hakuwahi kwenda hata sokoni Tukuyu bila kuomba. Alisubiri. Mlango ulikuwa mwembamba, alikuwa anamsikia anavyopumua. Kisha hatua zikaondoka.

Akabaki juu ya mswala. Akainua mikono, akasema, ee Mola wangu, mwanangu. Hapo akakwama. Iliwahi kutosha kumwona tu akaharibikiwa. Sasa akilitaja jina lake, akalituma limfuate mpaka Mbeya kwa mdomo huu huu, litafika likiwa limebeba nini? Akaishusha mikono magotini, kisha akaiinua tena, maana hakujua kuondoka mswalani bila kuomba kitu.

Akamwombea Winfrida. Akawaombea wagonjwa wa Kisiba na marehemu wa Kisiba, akamwombea mzee Nsajigwa afya na mavuno, akawaombea wachezaji wote wa timu mmoja mmoja, golikipa akiwemo. Mwanawe alimruka.